Valvu ya Utosi Mweupe

Fundi Damas aligonga mara tatu, spika ikatoa mara nne.

Aligonga kwa kitako cha penseli, taratibu, kama alivyogonga kila valvu iliyopita mikononi mwake kwa miaka kumi na saba. Ndivyo alivyozipima. Valvu ni kichupa cha kioo, ndani mna vyuma vyembamba na hewa imenyonywa yote. Vyuma vikilegea, ukigusa kioo utasikia kwenye spika mlio wa kengele. Ikiwa nzima hutoa ko, ko, ko, basi. Hii ilitoa ko, ko, ko, halafu, baada ya muda wa mtu kumeza mate, ikatoa ko ya nne, nzito kuliko zile tatu, ya mtu anayebisha kwa kifundo cha kidole.

"Karibu!" akaitikia mkewe kutoka chumba cha nyuma. "Karibu ndani, mlango uko wazi!"

Mke huyo jina lake Evodia, ila mtaa mzima wa Kizota, pale Dodoma, ulimwita Mama Ruthu, ingawa Ruthu mwenyewe alikuwa kwa bibi yake Mpwapwa akisoma darasa la nne. Kazi ya Evodia ilikuwa kusuka transfoma, yaani kuzizungushia waya wa shaba kwa mashine ya mkono. Kulikuwa na mafundi wa kiume mjini waliojaribu kusuka kama yeye, wakaishia kuuza waya wao kwa kilo.

Damas alikwenda mlangoni. Nje palikuwa na jua la saa nane, upepo wa Agosti unaosukuma vumbi jekundu, na mbwa aliyelala chini ya kivuli cha mkokoteni.

"Nani?" akauliza Evodia.

"Hakuna mtu. Ni valvu."

"Kumbe nimeikaribisha valvu!" Evodia akacheka, na Damas naye akacheka mpaka akafuta macho. Sijui kama waliwahi kucheka hivyo tena.

Ulikuwa mwaka tisini na nne. Tangu mambo yawe ruksa, maduka ya Dodoma yalifurika redio kaseti za plastiki, nyepesi kama maboksi matupu, na zikiharibika watu walinunua nyingine. Mafundi wenzake Damas waliacha kazi, huyu akauza mitumba, yule akafungua kibanda cha kinyozi. Damas alibakiwa na wale aliowaita wagonjwa wa sauti: karani mmoja wa Bunge, daktari mstaafu, na Mzee Dhirajlal aliyekuwa na duka la vitambaa mjini kabla ya kumwachia mwanawe, Jiten. Watu hawa hawakutaka plastiki. Walitaka priampu ya valvu, ile mashine inayopokea sauti nyembamba mno ya sindano ya santuri au ya kichwa cha tepu, sauti ambayo sikio halingeisikia kamwe, ikaikuza kidogo na kuisafisha kabla ya kuikabidhi kwa amplifaya kubwa. Kutengeneza priampu isiyo na mvumo wala mkwaruzo ni kazi ya roho ngumu, na kati ya Morogoro na Singida aliyeiweza alikuwa Damas. Hilo alilijua, tena alilijua kupita kiasi.

Ya Mzee Dhirajlal ilihitaji valvu nne. Tatu alikuwa nazo. Ya nne aliihangaikia wiki tatu, mpaka Yahaya, muuza vyuma chakavu wa Majengo, alipompa boksi zima la takataka za fundi fulani aliyekwisha kufa. Chini kabisa ya boksi hilo palikuwa na valvu moja iliyoviringishwa kitambaa chekundu na kufungwa uzi mweusi wenye mafundo saba.

Mtu mwingine angejiuliza nani anaifunga valvu namna ile. Damas alichukua wembe akakata uzi, kitambaa akakifutia meza, miguu ya valvu akaisugua kwa msasa. Ndipo alipouona utosi wake. Valvu nzima huwa na rangi ya fedha utosini, inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Hewa ikishaingia, ile fedha hugeuka nyeupe kama maziwa, na valvu imekufa, haina mjadala. Hii ilikuwa nyeupe pe. Damas aliichomeka ili tu ahakikishe imekufa.

Ikawaka.

Fundi mwenye akili zake angeitupa chooni. Damas aliigonga, wakacheka na mkewe, kisha akaweka santuri, akashusha sindano, na chumba kikajaa sauti ambayo hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Alisikia mpiga gitaa akivuta pumzi, akasikia kidole kikitelezea wayani. Akasimama katikati ya karakana machozi yanamlengalenga, akijisifu kimoyomoyo. Harufu ya nywele zilizoungua, iliyochanganyika na udi, ilikuja ikakaa, akadhani ni risasi ya kulehemu. Santuri ikaisha. Akazima swichi, akachomoa na waya ukutani.

Spika ikaendelea kuvuta pumzi.

"Baba Ruthu," Evodia akaita kwa sauti ndogo. "Zima hicho kitu."

"Nimezima."

"Mbona kinahema?"

"Ni umeme uliobaki ndani, utaisha sasa hivi."

"Hicho kitu kina mtu."

"Mtu gani humo, Mama Ruthu? Hamna hata hewa."

Hakuwa amemaliza sentensi hiyo pale mashine ya kusukia ilipoanza kuzunguka kinyumenyume. Ni mashine ya mkono, haina mota, na hakuna aliyeigusa. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, ukafumuka kutoka kwenye transfoma ukajisokota kwenye kifundo cha mkono wa Evodia, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa kumi, nadhifu, bila kupandana, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akisuka. Ukakaza. Evodia alipiga yowe alipoona waya umezama ndani ya nyama na damu inamwagika juu ya meza. Damas alirukia plaizi akakata, waya ukajisuka upya, akakata tena, mpaka vidole vyake vikateleza kwa damu ya mkewe, na alipofanikiwa kuung'oa wote aliuona mfupa, mweupe, mdogo kuliko alivyodhani mfupa wa mtu mzima ungekuwa.

Zahanati walimshona nyuzi kumi na nne. Waliambiwa ni ajali ya mashine, nao wakaandika hivyo.

Ungedhani hapo Damas angekoma. Lakini Jumapili ilikuwa siku ya Mzee Dhirajlal. Marehemu mkewe, Rekha, aliacha utepe mmoja wa zile tepu za magurudumu mawili, ameimba humo nyimbo za ibada mwaka sitini na nane, na Jumapili ile ilikuwa inatimia miaka kumi tangu afariki. Mzee alitaka kumsikia. Damas alijiambia kwamba anakwenda kwa huruma. Uongo. Alikwenda kwa sababu hakuwa amepata kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alitaka mtu akisikie.

Saa nne asubuhi aliifunga mashine kwenye sebule ya Mzee Dhirajlal, nyumba ya ghorofa nyuma ya maduka. Jiten alikaa kwenye mkono wa kochi, mikono kifuani.

"Fundi, itatoa kweli?" Jiten akauliza. "Utepe ni mmoja huu. Ukikatika ndiyo basi."

"Kaka Jiten, utamsikia mama mpaka bangili zake."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Kikaja kinanda cha mvukuto, kisha sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, yenye woga kidogo wa mtu asiyezoea maikrofoni. Na kweli, bangili zilisikika. Mzee Dhirajlal alifunika uso kwa viganja akalia waziwazi, mabega yakimtikisika, na Jiten akashuka kwenye mkono wa kochi akamshika baba yake. Kwa muda wa wimbo mmoja Damas alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dodoma.

Wimbo wa pili ulikatikia katikati ya neno. Magurudumu bado yalizunguka. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda sebuleni.

"Evodia yuko wapi?" akasema Rekha, kwa Kiswahili.

Mzee aliinua uso. "Fundi, nani huyo Evodia? Mke wangu hakumjua Evodia yeyote."

"Mzee, zima," Damas akanong'ona, ilhali swichi iko mbele yake mwenyewe na mkono hauinuki.

"Nimekaribishwa Kizota," sauti ikasema, na sasa ilikuwa inashuka, inanenepa, inaacha kuwa ya mwanamke. "Nimeambiwa mlango uko wazi. Mbona nimebebwa kama gunia nikaletwa nyumba nisiyoalikwa? Humu ndani nimemkuta huyu bibi anaimba. Nimemnyamazisha."

Utepe ukachomoka kwenye magurudumu. Ukaruka hewani kama mjeledi, ukamkuta mzee shingoni, ukazunguka, ukazunguka tena, na magurudumu yakaendelea kuuvuta kwa nguvu ambayo mota ile ndogo haikuwa nayo, yakimburuta mzee kutoka kwenye kochi hadi sakafuni, ulimi umemtoka, visigino vinapiga zulia, na Jiten akaruka kwenda kwenye plagi, akaikaribia, akanyoosha mkono, na mkono ule ukashikwa. Damas aliona kabisa ngozi ya Jiten ikibonyea mahali vidole vitano vilipomshika ingawa vidole havikuwapo. Ukapindwa polepole nyuma ya kiwiko, Jiten akipiga kelele za "Papa! Papa!", mpaka ukakatika kama muwa, kisha mshikaji akamwinua kwa mkono huohuo uliovunjika akamtupa kwenye kabati la vyombo, vioo vikapasuka vyote kwa pamoja, na Jiten akaanguka chini akitema meno. Ndipo Damas alipopata miguu yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye priampu, akaikamata ile valvu ikiwa ya moto vilevile, akasikia ngozi ya kiganja chake ikichomeka, hakuachia, akaing'oa.

Utepe ukalegea. Mzee Dhirajlal akavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu. Rekha alikuwa vipande vipande juu ya zulia.

Valvu iliendelea kuwaka mkononi mwa Damas, haina umeme, haina waya.

"Ondoka nayo," Mzee Dhirajlal akasema kwa sauti isiyotoka vizuri. "Fundi, nakuomba. Ondoka na kitu chako."

Damas alitoka mbio, valvu ameifunga kwenye shati. Nyumbani alimkuta jirani yao, Frida, amesimama nje mikono kichwani.

"Nani anampiga mwenzio?" Frida akauliza huku analia. "Nimesikia anapigwa, nimesukuma mlango, ndani yuko peke yake! Tangu saa nne, shemeji! Anapigwa na nani?"

Evodia alikuwa amebanwa ukutani, vidole vya miguu vinagusa sakafu kwa shida. Jicho moja limefumba. Kila baada ya muda kichwa chake kiligeuzwa kwa kofi ambalo mlio wake ulisikika na mpigaji hakuonekana, na kinywa chake kilichopasuka kilikuwa kinazungumza kwa sauti ileile nene ya sebuleni: "Mwenyeji gani unaniacha nitembezwe mjini? Mwenyeji gani?" Damas alipoingia na valvu, mkewe akaachiwa. Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Alipozinduka alimshika mumewe kola. "Usimwondoe hapa tena," akanong'ona. "Ukimwondoa ananiua."

"Na akikaa?"

"Akikaa ananiua taratibu."

Basi Damas alikwenda Majengo akamkaba Yahaya mpaka akasema boksi lilitoka wapi. Lilitoka Kibaigwa, kwa mjane wa fundi redio aitwaye Charles, na mganga aliyemtibu Charles, Mzee Hasani, alikuwa bado hai. Jioni hiyohiyo, valvu ameiacha nyumbani kwa Evodia, alipanda lori la mahindi.

Mzee Hasani hakufanana na mganga hata kidogo. Alikuwa mpimaji wa magunia pale sokoni Kibaigwa, mtu mfupi mwenye kikohozi na koti lenye unga, na alimsikiliza Damas huku macho yako kwenye mzani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Endelea, nakusikia."

Damas alipofika kwenye uzi mweusi, Hasani aliacha kupima.

"Yule nilimfunga mimi," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa magunia yatasikia. "Mwaka sabini na tisa. Alikuwa anamla Charles. Tulihitaji chupa ya kumfungia, nyumba nzima hakuna chupa, ndio wakati wa dhiki ule. Charles mwenyewe ndiye aliyesema, mzee, tumia valvu, nayo si chupa? Nikamfunga. Alipoingia hewa yake ikageuza utosi. Nani amefungua?"

"Mimi."

"Nani amemkaribisha?"

Damas aliangalia chini. "Tulisikia hodi, mzee. Mke wangu akaitikia. Angejuaje?"

Hasani alitukana tusi moja refu la Kigogo, si kwa Damas, kwa hali. Kisha akavua koti akampa mwenzake wa mzani. "Aliyeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu. Aliyekaribishwa simwezi. Nikimfukuza ataondoka na mwenyeji wake, ni haki yake. Huyo anasindikizwa."

Wakarudi Dodoma usiku huo, na kesho yake asubuhi Hasani alikwenda peke yake ng'ambo ya reli, kwenye vichaka vya miiba, akachimba shimo la kimo cha mtu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, aliwapa masharti. Evodia atambeba mgeni kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya kitambaa chekundu. Damas atafuata nyuma. Mgeni atasema mengi, kwa sauti za watu wote wanaowapenda.

"Msimjibu," Hasani akasema. "Hata neno moja. Hata kwa mtu mwingine njiani msiseme, maana hamtajua ni nani. Mgeni ukimjibu anahesabu kwamba mazungumzo hayajaisha."

Evodia aliikunja valvu kwenye kitambaa kwa mkono wake mzima. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba Damas alimtambua kwa mwendo tu. Alimpenda wakati ule kwa namna iliyomuuma mbavu, akatamani kumwambia, na hakuruhusiwa.

Hasani akatangulia shimoni, nao wakatoka. Kwenye mlango wa karakana kofi la kwanza lilimgeuza Evodia kichwa. Hakusema kitu. Wakapita kwa mchomelea mageti, wakapita kwenye mashine ya kusaga, watu wakiacha kazi kuwatazama, mwanamke anayewaka mwanga mwekundu katikati ya vidole saa saba mchana na mwanamume anayelia nyuma yake. Kijana mmoja alishuka kwenye baiskeli. "Shikamoo mama! Shikamoo baba! Mnaumwa?" Wakampita. Damas alikuwa hajawahi kuacha salamu ya mtu bila jibu tangu ajifunze kusema, na ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama," akasema Ruthu kutoka ndani ya kitambaa. "Mama nina kiu. Bibi amenifungia chumbani, mama, kuna moto." Evodia aliyumba. Kitenge chake kikapasuka mgongoni, mstari mmoja, na damu ikajitokeza kwenye mstari huo, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama mtu anayechapwa na mwenye kiboko asiye na haraka, na mtoto ndani ya kitambaa akaendelea kulia kwa jina la kila kitu alichowahi kukipenda, mdoli wake, mbuzi wake, baba yake, mpaka walipofika kwenye reli. Pale sauti ikawa ya Damas. "Mama Ruthu, simama. Mzee amekosea. Turudi." Damas mwenyewe alisikia sauti yake ikitoka mbele yake, tamu, yenye huruma, alivyokuwa anasema na mkewe kitandani, akauma mkono wake wenye jeraha asipige kelele kwamba si yeye. Evodia alisita na mguu mmoja hewani. Akauvusha ng'ambo ya chuma. Hapo alipigwa kweli, akapigwa tumboni, akapigwa mgongoni, akaangushwa juu ya kokoto za reli na kukanyagwa mkono ulioshonwa hadi nyuzi zikaachia moja moja, naye akatambaa, valvu ameikumbatia kifuani, na Damas akatambaa nyuma yake kwa sababu hakuona vipi yeye atembee wakati mkewe anatambaa, na hakuna kati yao aliyefungua kinywa.

Walifika. Hasani alikuwa amesimama ndani ya shimo, uzi mweusi mkononi. Evodia akamkabidhi kitambaa, akakaa chini vumbini, akahema. Hasani akaanza kufunga. Fundo la kwanza, la pili. Mwanga ukafifia. La tatu, la nne. Harufu ikaisha, na upepo wa kawaida ukapita kwenye miiba. La tano. Ndege akalia mahali. Damas alimtazama mkewe, akaona yu hai, akaona imekwisha, na kila kitu mwilini mwake kikalegea kwa mara ya kwanza tangu ile hodi.

Hasani alikuwa anavuta fundo la sita pale mgeni aliposema tena. Sauti ilikuwa ya mzee mmoja mstaarabu sana.

"Haya, wenyeji wangu, nashukuru. Mmenipokea vizuri, nimekula, nimekunywa. Samahani kwa usumbufu. Karibuni na kwangu."

"Ahsante, tutakuja," akasema Damas.

Ilimtoka. Ilimtoka kama inavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa na mama, kabla akili haijafika. Evodia aligeuka akamtazama kwa lile jicho moja lililokuwa linaona. Hasani aliacha mkono hewani.

"Lini?" ikauliza sauti, kwa furaha.

Hasani akavuta fundo la saba kwa meno. Alitoka shimoni akafukia kwa mikono na miguu, kama mbwa, mpaka ardhi ikawa sawa, ndipo alipokuja akamshika Damas shati. "Mwanamke amepigwa njia nzima hakutoa hata sauti," akasema, na alikuwa analia. "Wewe mwenye kinywa kizima! Wewe!" Damas aliambiwa tu kwamba kufunga kumefungwa, mgeni hatarudi nyumbani kwao tena, hilo limekwisha. Lakini ahadi si kazi ya uzi, na mtu aliyeahidiwa husubiri, na akisubiri sana huona amedharauliwa.

Jumapili iliyofuata Evodia aliamka na alama ya vidole vitano shingoni. Ya pili, mbavu. Ya tatu Damas alilala amemkumbatia, akasikia mfupa wa bega la mkewe ukiteguka ndani ya mikono yake na hakuona mtu wa kupigana naye. Yeye hakuguswa. Hata mara moja hakuguswa, na nadhani hiyo ndiyo iliyomkondesha. Alimwomba aliyekuwa akipiga ampige yeye, aliomba kwa sauti, kwa magoti, Frida akamsikia kupitia ukutani. Akatuma watu kwa Hasani mara mbili, na mara zote mbili jibu lilirudi ni lilelile: mimi nafunga majini, sifuti maneno ya watu.

Jumapili ya sita Evodia aliamka kabla yake. Damas alipotoka chumbani alikuta maandazi yameshachomwa, yamepangwa kwenye kikapu, yamefunikwa kitambaa cha kufuma. Mkewe alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na kilemba chake, amekaa kwenye kigoda anafunga viatu kwa mkono mmoja.

"Mama Ruthu. Unakwenda wapi?"

"Tumealikwa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Damas aliichunguza kama alivyochunguza sauti zote maishani mwake, akitafuta mkwaruzo, akitafuta mvumo wa mtu wa pili nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Alikuwa Evodia tu, amechoka.

"Hatuendi," akasema.

"Wewe baki. Mimi siwezi tena kupigwa, Baba Ruthu. Nimefikiri sana. Hapa napigwa kwa sababu nimechelewa. Nikifika kwake, kule ng'ambo ya reli, nitakuwa mgeni." Akavuta kamba ya kiatu. "Atauliza mwenzangu yuko wapi, maana wewe ndiye uliyesema. Nitamwambia una kazi."

Barua ya kwenda Mpwapwa ilikuwa mezani, imeshabandikwa stempu, kwa mwandiko wa Evodia, jina la bibi yake Ruthu juu. Damas aliisoma anwani mara mbili. Nje Frida alikuwa anafagia uwanja na redio kaseti ya mtu ilikuwa inaimba. Evodia akasimama, akachukua kikapu, akajinyoosha kitenge kiunoni, akasubiri kidogo mlangoni kama mke yeyote anayemsubiri mumewe.

Damas akainama uvunguni mwa kitanda kutafuta viatu vyake.